Kuondoka bila Kuaga: Hoja juu ya Istilahi za Kumaliza Kipindi cha Msimamizi wa Seva

1.0 Utangulizi

Mijadala ya istilahi za Kiswahili imeelemea zaidi kwenye majina ya vitu. Kompyuta iliitwa ngamizi, ikaitwa pia tarakilishi, na watumiaji wengi wamebaki na kompyuta. Istilahi za vitendo hazikupata mjadala wa kiasi hicho, ingawa kukosea kitendo huweza kugharimu kuliko kukosea jina. Makala hii inachukua kitendo kimoja tu: namna msimamizi anavyomaliza kipindi chake cha kuandika amri kwenye kundi la seva za kuhifadhi data. Hoja inayotetewa ni kwamba kitenzi funga, ambacho humjia mzungumzaji kwanza, hakifai kwa kazi hii, na kwamba lugha tayari ina vitenzi vinavyofaa zaidi.

2.0 Utata wa kitenzi funga

Kundi la seva ni mashine kadhaa zinazofanya kazi kama ghala moja. Msimamizi huingia kwa nywila, aghalabu akiwa mbali, na amri moja aiandikayo huweza kugusa data iliyotawanywa katika mashine zote. Kipindi chake kikiachwa wazi, yeyote atakayeketi mbele ya kompyuta ile hurithi mamlaka yake yote.

Sasa fundi akimwambia mwenzake wa zamu inayofuata, "nimefunga", amefunga nini? Huenda amefunga dirisha, amefunga skrini kwa nywila, amemaliza kipindi, au amesimamisha seva yenyewe. Vitendo hivi vinne vina matokeo tofauti kabisa. Mwenye kufunga skrini hajamaliza kipindi, amekifunika tu. Mwenye kufunga dirisha aghalabu hukata mawasiliano, lakini kazi aliyoianzisha ili iendelee bila yeye huweza kuwa bado inakimbia. Mwenye kusimamisha seva amegusa huduma inayotegemewa na watu wengine. Utata huu si mgeni. Mtu akisema "duka la fulani limefungwa", huenda mwenye duka amekwenda kulala, huenda amefilisika. Dukani jirani ataulizwa na atafafanua. Penye seva, usiku wa manane, huenda asipatikane wa kuulizwa.

Wapo watakaosema kuwa suala hili halina maana, kwa kuwa amri zenyewe ni za Kiingereza: msimamizi huandika "exit" au "logout", basi. Hoja hiyo inachanganya amri na mazungumzo juu ya amri. Kinachoandikwa kwenye mashine ni Kiingereza, lakini makabidhiano ya zamu, maelekezo ya simu na mafunzo ya kazini hufanyika kwa Kiswahili. Isitoshe, istilahi hizo za Kiingereza zilitoka katika maisha ya kawaida. Neno la kuingia na kutoka kwenye mfumo lina asili katika daftari la safari la mabaharia. Na katika mifumo ya jamii ya Unix, ishara inayoiarifu programu kwamba laini yake imepotea ilipewa jina la kitendo cha kukata simu. Hakuna sababu ya Kiswahili kutochota kisimani mwake.

3.0 Mfano wa Igawa

Igawa ni mji mdogo wa Wilaya ya Mbarali, kwenye barabara kuu iendayo Tunduma, penye Mto Mbarali. Ni upande wa Mbeya unaoelekea Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa. Wasangu, Wahehe, Wabena na Wanyakyusa hukutana hapo kwa Kiswahili. Katika bonde la Usangu, mpunga hulimwa kwa maji ya mifereji yanayochepushwa kwenye banio na kugawanywa kwa zamu. Mkulima aliyemaliza kumwagilia hajamaliza zamu yake mpaka azuie maji yasiingie tena shambani mwake. Kuondoka shambani ni jambo moja. Kumaliza zamu ni jambo jingine.

Gharama ya kusahau tofauti hiyo imekwisha kuonekana. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa mifereji iliyoendelea kuchukua maji wakati wa kiangazi ilichangia sana hali hiyo. Kipindi kisichomalizwa kinafanana na mfereji huo: mwenyewe hayupo, lakini njia aliyoifungua ingali wazi.

4.0 Pendekezo

Kwa hiyo hata ondoka hakitoshi, kwani aliyeondoka ofisini huenda hakumaliza kipindi. Lawama ya kila siku, "ameondoka bila kuaga", inalitaja kosa hilo barabara. Inapendekezwa kwamba msimamizi anayemaliza kipindi chake kwa amri aseme ameaga. Kuaga hudai msikilizaji, na mfumo ndio unaoagwa. Itapingwa kuwa kitenzi hiki hutumika pia kwa kifo. Lakini maana hiyo hubebwa na muktadha, kama katika kuaga dunia, wala haijawazuia wageni kuaga wenyeji wao.

Pale ambapo kipindi kinakoma bila mwenyewe kuaga, mofolojia ya Kiswahili inatoa tofauti ambayo Kiingereza hulazimika kuieleza kwa maneno mengi. Kila Mtanzania anajua kuwa "umeme umekatika" si sawa na "umeme umekatwa". Vivyo hivyo, kipindi hukatika mtandao unapopotea, na hapo seva huweza kuendelea kukihesabu kuwa hai kwa muda. Kipindi hukatwa na msimamizi mwingine, au na mfumo wenyewe baada ya muda wa ukimya. Na mwenye kukata kipindi cha mwenzake anapaswa kwanza kuchunguza ni kazi gani inayoendelea humo. Kuzima kubaki kwa mashine peke yake.

5.0 Hitimisho

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice na kuthibitisha kuwa programu za ofisini huweza kuzungumza Kiswahili. Msamiati wa wasimamizi wa seva unastahili juhudi ya namna hiyo. Kuaga, kukatika, kukatwa na kuzima havihitaji kubuniwa. Vinahitaji kusanifiwa, kufundishwa, na kuandikwa katika daftari la makabidhiano ya zamu.