Shida ya Filamu Zetu za Ndoa Si Kamera, Ni Mwisho

Nitukaneni baadaye, lakini someni kwanza.

Juzi nilitumiwa filamu iliyorekodiwa huku kwetu, kati ya Rongo na Oyugis. Imepigwa na simu. Sauti mbovu, pikipiki zinapita katikati ya maongezi, na kuna mahali kivuli cha mpiga picha kinaonekana ukutani. Hayo yote nimesamehe. Watu walitoa pesa mfukoni, wakaazima kochi la jirani, wakamaliza kazi. Heshima kwao.

Kilichoniuma ni stori. Mama anauza omena. Bwana anachukua pesa ya biashara na kuilewa yote. Mama akiuliza, anapigwa. Dakika arobaini ni hayo tu, na kusema kweli wameigiza vizuri. Halafu pasta anafika, kinanda kinaanza, mama anapiga magoti kuomba msamaha. Msamaha wa nini? Wa kuuliza pesa yake mwenyewe! Bwana anamwinua, wanakumbatiana, imeisha. Kwa maoni watu wamejaza "Amina".

Hapana bana.

Niliitazama na mama yangu mdogo. Yeye alirudishwa kwa ndoa mara tatu, na kila mara aliambiwa avumilie kwa ajili ya watoto. Siku hizi ana chumba kimoja Migori mjini, anauza mitumba, na usiku analala. Pasta alipotokea, aliinuka akaenda kuangalia jiko. Jiko hata halikuwa limewashwa.

Sasa najua mtajibu nini.

"Bajeti ni ndogo." Mwaka 2002 Judy Kibinge alitoa Dangerous Affair, filamu ya Nairobi iliyotengenezwa kwa pesa kidogo. Kui anarudi kutoka New York akitafuta mume, anaolewa na Murags, kumbe Rose, mpenzi wa zamani, bado yuko. Shida inatoka kwa watu wenyewe na maamuzi yao. Zaidi ya miaka 20 imepita na watu bado wanaitaja. Ukweli hauongezi gharama. Kumrekodi mama akipanda boda na watoto wake ni nauli tu.

"Ndiyo watazamaji wanataka." Hii naijua, kwa sababu hata mimi nimeila. Video yangu iliyotazamwa sana kuliko zote ilikuwa ya kuchekesha, mke anakimbizwa na mwiko kuzunguka nyumba. Nilishangilia namba. Nimeifuta wiki hii. Kwa hivyo sisemi kama mtakatifu.

"Ni utamaduni wetu." Dani yangu anasema binti akirudi kwao amepigwa, mume alimfuata na kuulizwa maswali mbele ya wazee. Mume ndiye alijieleza! Hiyo sehemu ya utamaduni mbona hamrekodi?

"Wewe uliacha chuo, hujaoa, utatufunza nini?" Karo iliisha mwaka wa pili, ni kweli. Lakini kuhesabu naweza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipata kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafike miaka 15. Homa Bay iko juu ya wastani huo. Maana yake, kati ya wanaoangalia filamu yako Mbita au Kendu Bay, kuna mtu ana alama mwilini sasa hivi, na wewe unamwambia apige magoti.

Simaanishi kila filamu iishe na talaka. Kuna ndoa zinapona. Lakini aliyepiga ndiye aombe msamaha, arudishe pesa, tumuone akibadilika. Na kama habadiliki, mwache mama aende. Tangu 2015 Kenya ina sheria ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani, na inataja hata dhuluma ya kiuchumi. Mahakama inaweza kumwamuru mtu akae mbali. Simu ya msaada ni 1195, bila malipo. Weka hiyo namba mwisho, mahali unaandika "Mungu awabariki". Zote mbili zitatosha.

Waigizaji mko nao. Ziwa mko nalo. Andikeni upya dakika tano za mwisho. Mkihitaji mtu wa kushika maiki, nitakuja bure, na mama mdogo nitamleta atazame hadi mwisho.