Kujitolea Si Shokoa

Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa, wananchi wakashika mafagio. Lilikuwa jambo jema. Lakini duka la Nandagala, wilayani Ruangwa, lenye watumishi wawili tu, litajitoleaje pasipo kuwaonea? Sheria ya Ajira ya 2004 inataka saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Tajiri anayemtuma mtumishi kufyatua matofali ya zahanati siku ya mapumziko hajatoa kitu. Aliyetoa ni mtumishi. Hiyo ni shokoa, hata ikipambwa kwa ngoma. Tunasema: tajiri atoe nusu siku ya kazi kila mwezi, ujira usikatwe, asiyetaka asiandamwe. Msimu wa korosho ukipamba moto, siku isogezwe. Nao ndugu watendaji wa kata wasipite madukani na daftari la majina.