Kundi Linalomwacha Mtu Nyuma Ni Matatu Tu

Klabu za kupanda milima hapa Nairobi zina uongo mmoja mtamu sana, na uongo wenyewe ni neno "familia." Liko kwenye bango, liko kwenye fulana, liko kwenye ule ujumbe wa WhatsApp unaoingia Jumatano usiku: "Habari familia! Jumamosi tuko Longonot, nafasi zimebaki nne, tuma pesa kwa namba hii." Sawa. Lakini familia ni watu wanaokungoja. Na hapo ndipo mambo huharibika, maanake mkishashuka kwenye basi na mlima ukasimama mbele yenu kama ukuta, ile familia hukatika vipande viwili ndani ya dakika 20. Kuna wa mbele, na kuna wewe.

Msimamo wangu ni huu na sitauzungusha: klabu ipimwe kwa mtu wake wa mwisho. Isipimwe kwa kilele, wala kwa picha, wala kwa idadi ya wafuasi Instagram. Kundi linalopanda kwa mwendo wa wenye nguvu na kumwachia mnyonge vumbi si kundi. Ni matatu tu. Tena afadhali matatu, kwa sababu matatu hungoja ijae.

Najua kuna mtu ameshaanza kusema, "Kwani ni lazima mtu aende mlima kama hana mazoezi?" Tulia, nitakufikia. Kwanza tufanye hesabu ndogo.

Mnapanda Longonot. Hakuna kivuli, jua linachoma, vumbi liko mpaka kwenye meno. Wa mbele wanafika ukingo wa kreta saa tatu na nusu. Wanakaa chini, wanakula ndizi, wanapiga picha, wanapiga stori. Wa mwisho anafika saa nne na nusu, miguu inatetemeka, moyo unapiga kama ngoma. Anapigiwa makofi: "Eeeh! Umefika bana!" Kabla makofi hayajaisha, kiongozi ameinuka na kupangusa suruali. "Haya watu wangu, tuzunguke kreta." Na kuuzunguka ule ukingo ni kama kilomita 7 za kupanda na kushuka.

Ona kilichotendeka. Wa mbele wamepumzika saa nzima. Wa mwisho hajapumzika hata kidogo. Yule aliyechoka kuliko wote ndiye amepewa pumziko dogo kuliko wote, na kituo kinachofuata itakuwa vivyo hivyo, ila sasa pengo limepanuka. Halafu jioni ndani ya basi tunasema hana mazoezi. Huyo mtu hakushindwa na mlima. Alishindwa na ratiba. Na kumbuka alituma pesa ile ile uliyotuma wewe. Hakuna klabu inayompunguzia mtu bei kwa kuwa atatembea peke yake.

Mlima kama Elephant Hill, pale Nyandarua, hiyo hesabu huacha kuwa ya kuchekesha. Unaanzia kituo cha msitu cha Njabini, unaingia kwenye mianzi na matope yanayong'ang'ania buti, kisha unatokea juu kwenye nyasi na mawe ambako upepo hauna adabu. Kuna mahali huko ambapo wapandaji wenyewe wamepabatiza jina la Kiingereza lenye maana ya mahali pa kukata tamaa. Kilele kiko zaidi ya mita 3,500 juu ya bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,700. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6. Kwa hivyo yule msee aliyetoka mtaani kwake na fulana nyepesi anaenda kukutana na baridi ya nyuzi 10 au zaidi chini ya ile aliyoamka nayo, na hapo bado sijahesabu mvua.

Sasa huyo aliye nyuma amelowa jasho, amechoka, na kila akisimama upepo unamnyonya joto. Baridi ikimzidi mtu huanza kutetemeka, kisha anajikwaa, kisha maneno yanaanza kumponyoka kama mlevi. Ubaya wake ni kwamba mwenyewe hajui. Hata ule urefu una mambo yake: kuanzia mita 2,500 hivi, kichwa cha mtu kinaweza kuanza kuuma na tumbo kuchafuka, na hali ikizidi dawa ya uhakika ni kushuka. Lakini nani atamwambia ashuke? Ni lazima awe mtu aliye karibu naye. Macho ya mwenzako ndiyo kifaa cha kwanza cha usalama mlimani, na sisi tumeyapeleka yote mbele yakapige picha.

Nimewahi kuteremka ule msitu na mama mmoja wa umri wa mamangu. Goti lake lilikuwa limekataa. Aliniambia, "Kijana wangu, wewe nenda, basi litakuacha." Nikamwambia, "Mama, basi haliendi popote bila sisi." Nilisema hivyo kumtuliza tu, maana simu ya kiongozi ilikuwa imetuambia kitu kingine kabisa: "Mwambieni akaze, dereva ana safari nyingine." Aliyetutoa pale ni kijana wa hapo hapo Njabini, aliyechukuliwa asubuhi langoni kama mtu anayenunua maji ya chupa. Alimkatia mama fimbo, akambebea begi, akamshika mkono kila penye utelezi. Tulifika chini giza likiingia. Kijana akapewa mia tano. Kesho yake picha zikawekwa mtandaoni, na chini yake maneno: "Hatumwachi mtu nyuma."

Hiyo mia tano tusiipite haraka. Chukua basi la watu 33, kila mtu amelipa 3,000. Hiyo ni 99,000. Toa basi, toa ada za kuingia, toa askari wa msitu anayewasindikiza kwa sababu huko kuna ndovu na nyati, toa faida ya mwenye klabu, ambayo simnyimi, kila mtu ana hasla yake. Bado ukiniambia kwamba mtu pekee anayeijua ile njia mvua ikinyesha, mtu ambaye ndiye ambulensi yenu na ndiye ramani yenu, thamani yake ni bei ya kuku nusu na chipsi, nitakwambia kuna mahali umekosea hesabu kwa makusudi.

Na hii tabia ya kuwasahau wanaobeba ni ya zamani. Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alifika Batian, kilele kirefu cha Mlima Kenya, na vitabu vinampa heshima ya kuwa wa kwanza. Mizigo yake ilibebwa na wapagazi Waswahili na Wakikuyu. Mackinder anajulikana kwa jina. Wapagazi wanajulikana kwa wingi. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na bado tunarudi Nairobi tukiwa na majina ya vilele kumi bila jina la kijana hata mmoja aliyetuonyesha njia. Hata lugha tunayotumia ni ile ile: "tumeushinda" mlima, "tumeuangusha." Mlima hauna habari. Ulikuwa pale jana, uko pale leo, na hakuna siku uliwahi kushindana na mtu wa South B.

Sasa turudi kwa yule rafiki yetu wa mazoezi. Anasema watu hudanganya: mtu anaulizwa kama amewahi kupanda, anasema ndio, kumbe alipanda ngazi za jumba la National Archives. Ni kweli, watu hudanganya. Lakini klabu nazo zimewaambia nini? Bango linasema "ugumu 7 juu ya 10." Saba ya nani? Saba ya kijana anayekimbia Karura kila asubuhi, au saba ya karani anayekaa kwenye kiti saa tisa kwa siku? Niambie ni kilomita ngapi, tunapanda mita ngapi, mtu wa kawaida huchukua saa ngapi, kuna matope au hakuna. Hapo nitajipima mwenyewe. Ukinipa namba isiyo na maana, usinilaumu nikikupa jibu lisilo na maana.

Wengine wanasema kila mtu alisaini ile fomu, kwamba anaenda kwa hatari yake mwenyewe. Maze, hiyo fomu tunaisaini saa kumi na moja asubuhi ndani ya basi, taa imezimwa, kalamu ni moja inazungushwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtu anayenunua bidhaa au huduma haki ya kupata kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Na hii ni huduma. Iliacha kuwa matembezi ya marafiki siku mlipoweka bei. Huwezi kuwa familia wakati wa kulaumiwa na biashara wakati wa kulipwa. Chagua moja.

Lipo pia jibu moja ambalo nalipa heshima: jua. Hapa kwetu kwenye ikweta giza halibembelezi, saa moja jioni ni usiku, na kiongozi mwenye watu 33 msituni ana haki ya kuogopa saa. Lakini hiyo ni hoja yangu, si yake. Kama giza ni hatari, basi hatari kubwa ni ya yule aliye nyuma. Panga saa ya kugeuka kabla hamjaanza kupanda, na ikifika, wote wageuke, hata wale waliobakiza dakika kumi kufika kileleni. Kama kundi lina kasi mbili, ligawe liwe makundi mawili, kila moja na kiongozi wake na mtu wake wa nyuma. Kama huna viongozi wa kutosha, usichukue watu 33. Chukua 15. Utapata pesa kidogo, ndio. Hiyo ndiyo bei ya kuita watu familia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa tunayo, tena kwa lugha yetu. Mgeni akitoka Ujerumani kwenda Kilimanjaro, neno la kwanza la Kiswahili analofundishwa baada ya jambo ni pole pole. Viongozi wa milima wa Tanzania, na hata wa kwetu huko Mlima Kenya, hulirudia kutwa nzima, na huwazuia wageni wenye misuli wasikimbie, kwa sababu wanajua mwili unahitaji muda kuzoea. Mzungu analindwa kwa Kiswahili. Mkenya aliyelipa kwa M-Pesa anaambiwa akaze.

Labda mimi hili linanigusa kwa sababu niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokatika. Darasa halikunifukuza. Liliendelea tu. Wenzangu walisonga mbele, wakawa wananipungia mkono kwa upole kutoka mbali, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ndivyo watu wanavyoachwa kwenye hii nchi: kwa upole, kwa makofi, na kwa "utafika tu." Jiji zima limejengwa kwa mwendo wa walio mbele. Wengi wetu tulianza kwenda mlimani Jumamosi ili tupumue, tutoke kwenye hayo mashindano hata kwa siku moja. Mkituletea mashindano yale yale hadi kwenye mianzi, basi heri tungebaki mtaani tulale.

Mambo ninayodai hayahitaji pesa nyingi. Mtu wa polepole atembee karibu na mbele, ili mwendo wake uwe mwendo wetu. Pumziko lihesabiwe kuanzia wa mwisho anapoketi. Nyuma kuwe na watu wawili wenye huduma ya kwanza na njia ya kuwasiliana na mbele. Watu wahesabiwe kila kituo, si kwenye basi peke yake. Kijana wa pale mlimani alipwe kiasi kilichotajwa mapema, na jina lake litajwe pamoja na la klabu, kama mwenyewe ataridhia.

Na wewe msomaji, kabla hujatuma pesa Jumatano hii, uliza swali moja tu kwenye lile kundi: "Ni nani anatembea wa mwisho Jumamosi?" Wakikupa jina, nenda, utafurahi. Wakikujibu kwa picha ya mkono uliotunisha misuli, weka pesa yako mfukoni.