Makengeza ya mtoto wa Katito: kisu, miwani na nauli

Mtoto mwenye makengeza akiwa Mombasa, mzazi hupanda tuktuk hadi Lighthouse for Christ, au matatu hadi Kwale Eye Centre. Akiwa Katito, kule Nyakach katika kaunti ya Kisumu, safari ni nyingine: Ahero, Kisumu mjini, na pengine mbele zaidi hadi hospitali ya macho ya Sabatia, kaunti ya Vihiga. Huko nauli huamua tiba kabla ya daktari.

Wengi wakisikia makengeza hufikiria kisu. Upasuaji huo si mgeni. Ulianza Berlin mwaka 1839. Kila jicho huendeshwa na misuli 6, na daktari hurudisha nyuma kidogo msuli unaovuta mno, au hufupisha uliolegea. Jicho halitolewi mahali pake, kama wengi wanavyohofu.

Lakini si kila mtoto anahitaji kisu. Yupo ambaye macho huingia ndani kwa kukaza ili aone, na miwani pekee humnyoosha. Yupo ambaye ubongo umeanza kulipuuza jicho moja. Huyo huzibwa jicho lake zima saa kadhaa kwa siku, au hutiwa matone ya atropini, ili lile jingine lilazimike kufanya kazi. Ipo pia sindano ya botulinamu. Alan Scott wa San Francisco aliitafuta kwa ajili ya makengeza, Marekani ikaiidhinisha mwaka 1989, ndipo baadaye warembo wakaichukua kufutia makunyanzi. Nguvu yake huisha baada ya miezi michache.

Ukitazama haraka utasema hizo ndizo nafuu ya maskini. Kwa mtu wa Katito ni kinyume. Miwani hubadilishwa mtoto akikua, kuziba jicho kunataka kupimwa tena na tena, na sindano huenda ikarudiwa. Kila mara ni nauli ya watu wawili na siku ya kazi imepotea. Ndiyo maana mzazi husema: mpasueni yaishe. Hayaishi. Kisu hunyoosha jicho, hakirudishi uoni ambao ubongo umeshauacha, na wengine hupasuliwa mara ya pili.

Tena muda hausubiri. Macho ya kichanga kutangatanga miezi mitatu ya kwanza si ajabu. Yakiendelea baada ya hapo, apelekwe. Uoni hujengeka hadi miaka 7 au 8 hivi, kwa hiyo "atapona akikua" ni ushauri mbaya. Na mboni ikionyesha weupe, huenda ni saratani ya jicho. Hapo usingoje hata wiki.

Dawa ya nauli ipo. Trans Nzoia, katika utafiti wa shule 50 uliochapishwa mwaka 2018, walimu walipima macho kwa simu na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe. Asilimia 54 ya watoto waliopatikana na tatizo walifika kliniki. Kwa utaratibu wa kawaida walifika 22 tu.

Afya ni kazi ya kaunti tangu 2013. Kisumu ikipeleka mpima macho Katito siku moja kila mwezi, wengi hawatahitaji kufika Sabatia. Nasi tuwaulize magavana wetu hilohilo, kwa sababu mama wa Ganze au Kinango naye anahesabu nauli.