Msiionee Wivu Bunduki ya Tajiri

Ndugu zangu wa Ikutha, nanyi jirani zetu wa Mutomo, Kanziku na Mutha, hata ng'ambo ya mto Athi kule Kibwezi, leo naomba tuzungumze juu ya bunduki. Sikusudii bunduki ya mwizi wala ya askari. Nakusudia bunduki ya tajiri, ile inayonunuliwa kwa mamilioni ya shilingi, ikafungiwa ndani ya kasha la chuma, na ambayo sheria hairuhusu kila mtu awe nayo. Vijana wetu huiona kwenye simu zao na kuitamani. Huulizana: mtu mwenye akili timamu atoaje fedha za kununua shamba zima na ng'ombe wa kulijaza, akanunua chuma asichoruhusiwa hata kutembea nacho njiani? Swali hilo si la kipumbavu. Linastahili kujibiwa kwa haki, maana asiyeelewa tamaa ya mwenzake hujikuta ameirithi bila kujua.

Tuanze na mfano wa mbali, kwa kuwa huko mambo yako wazi. Mwaka 1934 Marekani ilitunga sheria ya kuandikisha bunduki zinazomimina risasi mfululizo na kuzitoza kodi ya dola 200, fedha nyingi mno kwa zama zile. Zilikuwa bado zikiuzwa kwa wananchi waliokubali masharti. Kisha, Mei 1986, daftari lenyewe likafungwa. Tangu siku hiyo hakuna bunduki mpya ya namna hiyo inayoweza kuandikishwa kwa jina la raia wa kawaida. Zile zilizokuwa zimekwisha kuandikwa zimebaki, nazo hupita mkono kwa mkono kwa idhini ya serikali. Matokeo yake ni kwamba bunduki ya M16 iliyomo daftarini huuzwa kwa zaidi ya dola 30,000, hali jeshini bunduki mpya ya aina hiyo haifikii hata dola 2,000. Chuma ni kilekile, mtutu ni uleule, tena ile ya ghali ndiyo kuukuu. Ni nini basi kilichopandisha bei? Kilichoipandisha ni idadi kutoongezeka. Mnunuzi hununua nafasi ya kuwa miongoni mwa wachache, na anajua kwamba wachache hao hawatazidi. Wengine huiweka kama watu wa Nairobi wanavyoweka ploti, wakingoja ipande zaidi. Katazo la serikali, lililokusudiwa kuipunguza bunduki, limekuwa ndiyo thamani yake.

Wapo wanunuzi wengine, na hao siwezi kuwaweka katika kundi moja na wale wa kwanza. Hawa hununua kazi ya fundi na kumbukumbu ya zama. Karakana za Uingereza kama Holland & Holland, Rigby na Westley Richards zilitengeneza kwa mkono bunduki za mitutu miwili za kuulia ndovu na nyati, na mpaka leo mpya yake moja yaweza kupita pauni laki moja. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909 alikuwa na moja ya Holland & Holland aliyotunukiwa na rafiki zake Waingereza; sasa imo katika jumba la makumbusho huko Louisville, Kentucky. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku Mei 1977. Bunduki iliyotengenezwa kwa ajili ya ndovu haina tena ndovu wa kumpiga, lakini bei yake haikushuka, kwa sababu kazi yake imegeuka: sasa inasimulia. Kule Oman, ambako ndugu zetu wengi bado huzungumza Kiswahili nyumbani, utaona mzee amebeba begani bunduki ya Martini-Henry ya karne ya 19, imepambwa kwa fedha, akiingia nayo arusini. Hamtishi mtu. Amebeba jina la ukoo wake. Mtu wa namna hii, akifuata sheria na kuifunga silaha yake vizuri, mimi namheshimu.

Lakini kuna wa tatu, na huyu ndiye aliyenifanya nichukue kalamu. Huyu hanunui fundi wala historia. Hununua cheti. Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hakuna mwenye haki ya kuwa na bunduki. Ni ruhusa, nayo hutolewa kwa mtu aliyechunguzwa na Bodi ya Leseni za Silaha, na lazima ihuishwe. Desemba 2018 serikali iliamuru wenye leseni wote wachunguzwe upya, na waliokaidi wakajikuta hawana ruhusa tena ya kuzishika silaha zao. Sheria hiyo ni njema. Ila tazameni inavyotafsiriwa moyoni mwa mtu mwenye majivuno. Kwake cheti kile si dhamana aliyopewa na umma, bali ni nishani. Kinamwambia kwamba dola limemwamini kuliko jirani yake. Ndiyo maana utamwona kwenye harambee au matangani akiinua koti kidogo, makusudi, ili bastola ionekane kiunoni. Wazee wanatazama chini. Watoto wanatazama bastola. Ninyi wenye leseni mlioko Kitui na Makueni, nawaambia bila kuficha: kuileta silaha kwenye mazishi ya maskini ni utovu wa adabu, nanyi mnawafundisha wana wetu somo ambalo hamtakuwepo kulilipia.

Atasimama mtu aniulize: je, si Wazungu waliotunyima bunduki ndipo wakatutawala? Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipitia huko kila mwaka kwenda bara. Miaka miwili baadaye, Julai 1890, mataifa makubwa yalitia saini huko Brussels mkataba uliozuia silaha za kisasa kuingia Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini mpaka 22 kusini mwa ikweta. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, na sikatai kwamba biashara ile ilikuwa laana. Lakini hao hao waliotia saini walikuja na bunduki zao. Kwa hiyo mtu mweusi anapoona bunduki iliyozuiwa, moyo wake humwambia kwamba amenyimwa utu. Namwelewa.

Hata hivyo, kwetu Ukambani heshima haikutoka kwenye mtutu. Wawindaji wetu walimwangusha ndovu kwa upinde na mshale uliopakwa sumu ya msunguti, na misafara ya Wakamba ikazipeleka pembe hadi Mombasa wakati reli haijaotwa na mtu yeyote. Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849 na kumwezesha kuuona Mlima Kenya, alikuwa mkubwa kwa biashara, kwa ulimi na kwa watu waliomfuata. Mwaka 1851 alishambuliwa na kuuawa karibu na mto Tana, na Krapf alikuwa katika msafara ule akiwa na bunduki yake. Haikumwokoa Kivoi. Krapf mwenyewe, akikimbia peke yake porini kwa kiu, aliiteremsha bunduki ile mtoni, akajaza maji ndani ya mitutu, akaziba kwa nyasi, na maji yakamwagikia njiani. Haya aliyaandika kwa mkono wake.

Na sasa nije kwenye jambo lenyewe linalotuuma. Hofu yetu si ya kubuni. Kila kiangazi kinapokaza, ngamia huingia Kitui Kusini kutoka pande za Tana River na Garissa, na nyuma yao baadhi ya wachungaji huwa na silaha. Watu wameuawa mashambani mwao, familia zimehama, wanafunzi wameacha shule. Mtu akikaa katika hofu ya namna hiyo, halafu akaona bunduki ya tajiri, huchanganya mambo mawili. Hudhani kwamba kilicho ghali ndicho kinacholinda.

Sikilizeni vizuri. Bunduki ya mkusanyaji ni ghali kwa sababu sheria imeifungia idadi. AK-47 iliyoko porini ni rahisi kuipata kwa sababu vita vya Somalia na vya jirani zetu wengine viliifungulia idadi. Ni masoko mawili. Watafiti wa Small Arms Survey walikadiria mwaka 2017 kwamba mikononi mwa raia wa Kenya mlikuwa na bunduki 750,000 hivi, na zilizoandikishwa zilikuwa elfu nane na kidogo. Kijana wa Ikutha anayeuza mbuzi wa baba yake akatafute bunduki hatapata ile ya kasha la chuma yenye cheti. Atapata ile ya pili, isiyo na jina wala nambari ya kuaminika, ambayo huenda imekwisha kuua mtu, na siku akikamatwa nayo nyumbani mwake atakwenda jela miaka ambayo watoto wake wangemhitaji. Serikali ilichoma silaha 5,250 huko Ngong mwaka 2016, na nyingine 5,144 mwaka 2021. Moshi ule ulikuwa wa haki, lakini pimeni wenyewe: ni sehemu ndogo mno ya zile zilizobaki.

Nasi wa mpakani mwa Tsavo tuna ushahidi mwingine, ambao si kila Mkenya anao, wa jinsi tamaa ya mkusanyaji wa mbali inavyofika mpaka kwetu. Pembe ya ndovu nayo ilikatazwa, nayo kwa kukatazwa ikawa pambo la kuonyesha uwezo katika sebule za watu wasiowahi kuijua Ikutha. Mei 2014 ndovu Satao, aliyekuwa na pembe ndefu karibu kugusa ardhi, aliuawa Tsavo Mashariki kwa mshale wa sumu. Mnunuzi hakuwepo. Afuatwaye na polisi huwa ni mtu wa huku, si yeye.

Kwa hiyo madai yetu yasiwe bunduki. Tudai vituo vya polisi vyenye magari na mafuta upande wa Mutha na Kanziku. Tudai askari wa akiba waliofunzwa, wenye silaha za serikali zinazohesabiwa kila jioni. Tudai mipaka ya Hifadhi ya Kitui Kusini ijulikane, na kesi za mauaji zisikilizwe mpaka mwisho, kwa mchungaji na kwa mkulima vilevile. Viongozi wanaotuahidi leseni za bunduki wakati wa kampeni tuwaulize kwanza barabara ya gari la polisi iko wapi.

Na mwenye moyo wa kukusanya, basi akusanye. Wamisionari wa Leipzig walifika Ikutha mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mtafiti Lindblom kutoka Sweden akakaa Ukambani mwaka 1911 na 1912 akaandika kitabu kinene juu yetu. Wageni hao waliona thamani ya vitu tulivyoviona vya kawaida. Leo pinde na podo za babu zetu zinauzwa kwa watalii kwa bei ya chakula cha mchana, bila jina la aliyezichonga. Matajiri wa Kitui mnaoweza kutoa milioni kwa bastola, fungueni chumba kimoja Ikutha chenye kufuli na mlinzi, mnunue podo hizo kwa bei ya haki, mwandike kwenye kila moja ilitoka boma gani na ilibebwa na nani. Wazee wanaojua kuivuta kamba ya upinde na kuutambua mti wa sumu wangali hai. Waitwe mwaka huu, walipwe, na maneno yao yarekodiwe.