Nishati Safi Ianzie Mfukoni

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Maoni yangu ni kwamba wafanyabiashara wetu wadogo wanaielewa methali hiyo kutushinda sisi tunaoikariri darasani.

Tukifunzwa nishati isiyokwisha, mfano ni mmoja tu: mvuke wa Olkaria, uliotupa umeme tangu 1981. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini je, mwenye hoteli ya chai na mandazi pale kituoni, ambaye anapikia jiko la kauri, mbona hatajwi?

Jiko hilo la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani lilibuniwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuiga jiko la Thailand. Mafundi wa jua kali ndio walioliunda na kulieneza. Watu hawakulinunua kwa sababu ya hotuba, la hasha! Walilinunua kwa sababu gunia la makaa lilianza kukaa siku nyingi zaidi.

Kuna wanaosema ati wafanyabiashara hawajali miti, wanajali pesa tu. Sawa, kwani kuna ubaya gani? Gunia moja lisiponunuliwa, kuna mti uliobaki umesimama. Mti haumuulizi mtu nia yake.

Kikwazo ni bei ya kuanzia. Kinyozi anayepata riziki ya siku kwa siku hawezi kulipia sola kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana M-Kopa ilipoanza mwaka 2012 kuuza sola kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu, wengi wasio na akiba benki walipata taa. Vyama vyetu vya akiba navyo viwakopeshe wenye vioski namna hiyo, badala ya kuwasomea mawaidha ya mazingira. Maneno matupu hayavunji mfupa.

Na sisi je? Jikoni mwetu kuni bado huja kwa lori, na wapishi hutokwa machozi kwa moshi. Naomba bodi ya shule ipige hesabu: pesa za kuni za mwaka mzima zilinganishwe na bei ya majiko yanayobana kuni. Hesabu hiyo ibandikwe ubaoni, sote tuione. Si haki mwenye kioski atutangulie, nasi ndio tunaopanda miti kila msimu wa mvua tukipigwa picha.