Mali Bila Daftari

Mkulima wa Bungoma apelekapo miwa kiwandani Nzoia, hubaki huko kitu ambacho hakioni tena: molasi, uji mweusi unaosalia baada ya sukari kutolewa. Molasi ikichachushwa, kisha ikachemshwa na mvuke wake kukusanywa, hutoa ethanoli, yaani spiriti iwezayo kuchanganywa na petroli na kuendesha gari.

Hii si ndoto. Tangu 1983, kiwanda cha Muhoroni kilitoa ethanoli iliyochanganywa na petroli kwa kiasi cha asilimia 10, ikauzwa Nairobi. Magari yalikwenda. Miaka ipatayo kumi baadaye mpango ulikoma: bei iliyowekwa na serikali haikukitosheleza kiwanda, na makampuni ya mafuta hayakuupenda. Huko Kisumu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kiwanda cha molasi kilichoanza kujengwa miaka ya 1970 kilisimama kabla ya kutoa hata tone moja, mamilioni ya shilingi yakiwa yameteketea. Waziri Robert Ouko alipouawa Februari 1990, mpelelezi John Troon wa Scotland Yard aliutaja mvutano juu ya kiwanda hicho miongoni mwa mambo ya kuchunguzwa. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Twasema basi: injini haikushindwa, wala muwa haukushindwa. Kilichoshindwa ni utawala wa siri. Kufutwa kwa kifungu cha 2A mnamo Desemba 1991 kulitupa vyama vingi. Hakukufungua vitabu vya hesabu.

Kwa hiyo, yeyote ajaye kwetu na habari za mafuta ya miwa na aulizwe hadharani: molasi ni ya nani? Kwa miaka mingi mkulima alilipwa kwa uzito wa miwa tu. Je, spiriti itamletea nini? Nao ndugu zetu wa Kitale waulize mapema, maana Marekani hutengeneza ethanoli kwa mahindi: je, ghala la taifa litalisha watu kwanza, au matangi?

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Tuitumie. Mikataba isomwe barazani na katika viwanja vya makanisa, kwa lugha ya mkulima, kabla ya sahihi kutiwa. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.